Daftari la Kujaa na Kupwa

Shangazi Azélie hakuamini saa.
Ile ya ukutani aliiacha imelala saa tatu kasoro robo
tangu meli ya Hilaire ilipozama pwani ya Labrado.
Mwezi nao, alisema, huchelewa dakika hamsini kila siku
na hakuna aliyethubutu kuuachisha kazi.

Nilifika Ghuba ya Fundy mwezi wa Machi,
barafu bado imeng'ang'ania miguu ya gati.
Mashua zimekaa matopeni kama ng'ombe waliochoka
na bahari haipo.
"Imekwenda wapi?"
"Imetoka," akajibu, kama anayemsemea jirani.
"Itarudi kabla ya chai."

Ngazi ya chuma ina vidato arobaini na vitatu.
Nilivihesabu nikishuka, nikakanyaga sakafu ya bahari
kwa viatu vya kuazima.
Nguzo ya vipimo ilipanda mbele yangu, nambari juu ya nambari,
na mwani ukaning'inia huko juu, mita kumi na mbili,
bado unadondosha maji utosini mwangu.
Nilidhani kina ni tarakimu.
Kumbe ni maumivu ya shingo.

Akanipa penseli; wino, alisema, huogopa ukungu.
Saa. Kimo. Upepo. Maoni usiandike.
Siku za bamvua jua na mwezi husimama mstari mmoja,
huvuta kamba moja; siku za maji mafu
kila mmoja huvuta kwake, na mimi niliruhusiwa kulala.
"Lakini mwezi ni ule ule wa watu wote," nikasema,
"mbona hapa maji yamepagawa?"
Akachukua beseni la kufulia, akalitikisa polepole:
maji yakapanda ukingo huu, yakashuka ule,
mpaka mdundo wa mkono ukakutana na mdundo wa beseni
na soksi zangu zikalowa.
"Ghuba yetu ndilo beseni," akasema. "Deki."

Ndani ya kopo la sukari aliweka jiwe jeusi.
Lilitoka motoni, akasema, zama bara lilipochanika:
ufa ukawa bonde, bonde likanywa chumvi,
na mwamba uliokuwa jirani yetu
sasa uko Moroko, unaota jua.
Bado tunaachana, kwa mwendo wa kucha.
Kila Jumamosi alikata zake barazani,
akainua kipande kimoja kwenye mwanga:
"Haya ndiyo ya wiki hii."

Na maji yenyewe?
Mvuke wa tumbo la dunia, uliopoa ukanyesha
kabla ya kuwepo wa kulowa.
Wengine wanasema mawe ya angani yaliyaleta.
"Waache wabishane. Mimi naandika kimo."

Usiku mmoja tu alizungumza bila kuulizwa.
Mkondo wa uvuguvugu hupanda kutoka Meksiko,
hutoa joto lake njiani kama mgeni anayegawa zawadi,
na ukifika kule juu hauna kitu tena
ila baridi na chumvi.
Hapo maji huwa mazito. Huzama.
Hutambaa gizani kuelekea kusini, chini kabisa,
bila wimbi, bila haraka,
na kuibuka tena, pengine, baada ya miaka elfu.
"Yaliyomchukua Hilaire yako njiani," akasema.
"Nimeshaandika thelathini na mmoja."

Serikali imeleta sanduku la kijivu linalojisomea lenyewe.
Linataa kijani. Halikosei.
Shangazi yuko hospitali ya Truro, dirisha linatazama maegesho,
na kila asubuhi anapiga simu: "Ngapi?"

Leo ukungu. Saa kumi na dakika arobaini.
Mita kumi na tatu nukta moja. Upepo wa kusini.
Nilikuwa nimeandika nukta saba;
nikafuta kwa kipande cha mkate, kama alivyonifundisha,
nikala mkate.